SOMO LA WIKI: Mwajiri huchoma bambo kwenye maelezo ya mwombaji kazi

Mnunuzi mzoefu wa nafaka hababaishwi na mdomo wa gunia. Anajua kwamba huko juu ndiko muuzaji alikomwaga punje safi. Yeye huchukua bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji, akalichoma ubavuni mwa gunia mahali anapotaka mwenyewe. Punje zinazoteremka kiganjani mwake ndizo zinazopanga bei.

Soko la ajira nalo lina bambo lake. Swali la kwanza la usaili, lile la "hebu tueleze habari zako", ni mdomo wa gunia. Kila mwombaji amejiandaa nalo. Bambo ni swali la pili. Hapo ndipo waombaji wengi huanguka, na hapo hapo ndipo mfanyabiashara aliyefilisika, asiye na shahada, anapoweza kumshinda kijana mwenye vyeti vya kujaza bahasha.

Somo hili linawahusu hasa wafanyabiashara ambao mtaji umekatika na sasa wanatafuta kazi ya mshahara. Si watu wachache. Wapo waliounguliwa na mali, kama ilivyotokea jengo la soko la Kariakoo lilipoteketea usiku wa Julai 10, 2021. Wapo walioliwa na mali kauli. Wapo pia waliokula mtaji wao wenyewe, kidogo kidogo, kwa karo na matibabu, na pengine hao ndio wengi ingawa jambo lenyewe halisemwi. Wakifika mbele ya mwajiri hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama huificha ile miaka ya biashara, wakaandika kwenye barua kwamba "walijiajiri" na kuishia hapo, ama huisimulia kama msiba ili waonewe huruma. Huruma haimwajiri mtu. Ikimwajiri, humpa kibarua cha wiki mbili.

BELO LILILOFUNGWA

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika. Hoja yake inaeleweka upesi kwa yeyote aliyewahi kununua belo la mitumba likiwa bado limefungwa. Mwenye mali anajua kilichomo, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hakubali kulipa bei ya mali nzuri, bali hutoa bei ya wastani, ya kubahatisha. Mwenye mali nzuri akiona bei hiyo haimlipi, huiondoa sokoni. Wanabaki wenye mali hafifu, mnunuzi anazidi kushuku na bei inazidi kuteremka. Makala hiyo yenyewe ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kupata la kuichapisha. Mwaka 2001 mwandishi wake alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akagawana na wenzake Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Spence ndiye aliyeuhamishia mjadala huo kwenye ajira, mwaka 1973. Mwajiri, kwa maelezo yake, ananunua kitu ambacho hawezi kukiona siku ya kukinunua. Hivyo hutafuta ishara. Lakini ishara inafaa pale tu inapomgharimu asiye na uwezo zaidi kuliko inavyomgharimu mwenye uwezo. Shahada hufanya kazi kwa njia hiyo hata kama yaliyosomwa hayatumiki kazini, kwani mtu asiyeweza angetaabika mno kuipata. Shida huja pale ambapo waombaji wote wanayo. Mwajiri mwenye barua mia mbili mezani, zote za wahitimu na zote zenye fotokopi za vyeti vinavyofanana, amerudi kwenye belo lililofungwa.

Ndipo maelezo binafsi ya mwombaji yanapopata nafasi. Lakini si maelezo yoyote. Maneno kama "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na napenda kujifunza" hayalipiwi ushuru. Mvivu huyaandika kwa kalamu ile ile anayoitumia mchapakazi. Wapo wanaofundisha kwamba simulizi ya mwombaji iwe tamu, iwe na mwanzo wa kusisimua na mwisho wa kutoa machozi. Huo ni ushauri wa kuuzia filamu. Thamani ya simulizi mbele ya mwajiri inatokana na ugumu wa kuitunga. Simulizi yenye mwaka, kiasi, mahali, hasara na mtu wa kuulizwa ni ghali kwa mwongo, maana kila kimoja kati ya hivyo ni tundu la kuchomea bambo. Kwa mkweli haina gharama yoyote, kwa sababu alikuwepo.

HESABU YA MAGUNIA SABA

Msomaji achukulie mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya somo. Mwanamume wa miaka arobaini hivi ameuza maharage katika soko la Tandale, Dar es Salaam, kwa miaka tisa. Mtaji umeisha. Anaomba kazi ya ofisa mikopo katika kampuni ndogo inayowakopesha wafanyabiashara wa sokoni. Kwenye barua yake ya kwanza ameandika kwamba ana uzoefu mkubwa wa biashara, anajua kuhudumia wateja na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Huenda yote ni kweli. Hata hivyo hakuna hata sentensi moja ambayo mtu mwingine asingeweza kuinakili akaweka jina lake.

Akishauriwa vizuri, ataeleza hivi:

"Mwaka 2019 niliweka shilingi milioni sita kwenye magunia 30 ya maharage, gunia shilingi laki mbili. Magunia 18 niliyatoa kwa mali kauli kwa wauzaji wadogo tisa, kila mmoja mawili. Sikuandika popote, niliwaamini kwa sura. Magunia 11 yalilipwa, saba hayakulipwa. Hasara yangu ikawa milioni moja na laki nne. Msimu uliofuata nilifungua daftari. Niliweka sharti kwamba hakuna anayepewa gunia la pili kabla ya kulipa la kwanza, na kabla ya kumpa mtu nilikwenda kwanza kuona anapouzia. Msimu huo nilitoa magunia 20, likapotea moja."

Ni maelezo ya dakika moja na nusu. Hayana sifa hata moja ndani yake. Lakini mkopeshaji anayesikiliza anajua anachokisikia. Huyu amepoteza fedha zake mwenyewe katika kazi ile ile ambayo kampuni inaifanya. Amejifunza kumtembelea mkopaji kwenye eneo lake la biashara, na amejifunza kutoa mkopo kwa awamu. Mambo hayo kampuni huyafundisha maofisa wapya darasani kwa gharama zake, na bado wengine huyasahau wakifika sokoni.

Sasa linakuja bambo. Mama anayeongoza usaili anaweka kalamu chini.

"Bwana, hayo magunia saba yalikuwa kwa watu wangapi?"

"Wanne, mama. Watatu walibaki na mawili mawili, mmoja alibaki na moja."

"Uliwafuata?"

"Niliwafuata wote. Wawili walikuwa wamehama. Mmoja nilimkuta mgonjwa, nikamwacha. Yule wa gunia moja alinilipa laki moja kwa mafungu, kisha nikaona nauli ya kumfuata itazidi kilichobaki."

"Basi hasara haikuwa milioni moja na laki nne."

"Ni kweli, mama. Ilikuwa milioni moja na laki tatu, ukiacha nauli."

"Na lile gunia moja la msimu uliofuata, lilipoteaje?"

"Nilivunja sharti langu mwenyewe. Alikuwa shemeji."

Mambo mawili yametokea hapo. La kwanza ni dosari. Ile laki moja ilipaswa kutajwa mapema, kwa sababu mwombaji anayesahihishwa hesabu mbele ya watu watatu huonekana kama aliyeikuza hasara ili hadithi inoge. Ameokolewa na jambo moja tu, kwamba alikubali papo hapo bila kujitetea. Anayejiandaa kwa usaili afanye hesabu yake kwenye karatasi, ajumlishe na kutoa mpaka ifunge, kama anavyofunga duka jioni.

Jambo la pili ni shemeji. Mwombaji mwingine angelificha lile gunia au angesingizia panya. Lakini jaribu kubwa la ofisa mikopo ni ndugu na jirani wanaokuja dirishani wakijua jina lake la utotoni. Mama yule sasa anajua kwamba mtu huyu amekwisha kulipitia jaribu hilo, akashindwa mara moja, na bei ya kushindwa anaikumbuka. Jibu hilo lisingeweza kuandikwa kwenye cheti chochote.

Msomaji pia atakuwa ameona kwamba mwombaji hakutaja majina ya wadaiwa. Angewataja, mama angefikiri juu ya siku ambayo wateja wa kampuni yake watatajwa kwenye baraza la kahawa.

DALALI HABEBI GUNIA ZIMA

Simulizi nzuri isiyofika kwa mwajiri ni sawa na mzigo uliokwama ghalani. Mwaka 1974 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti uliofanywa Newton, mji wa jimbo la Massachusetts huko Marekani, akieleza jinsi wafanyakazi wa kitaalamu na mameneja walivyopata kazi zao. Zaidi ya nusu walizipata kupitia watu waliowajua. Lililowashangaza wengi ni kwamba kati ya waliosaidiwa hivyo, wengi hawakusaidiwa na marafiki wa karibu. Walisaidiwa na watu wanaoonana nao kwa nadra. Sababu haihitaji darasa. Rafiki wa karibu anazisikia habari zile zile ambazo mwenye shida amekwisha kuzisikia. Anayekaa mbali kidogo husikia za kwingine.

Newton si Tandale, lakini mfanyabiashara ana utajiri mkubwa wa watu wa namna hiyo: dereva wa lori aliyembebea mzigo, mwenye ghala, karani wa ushuru, wakala wa fedha za simu, mteja wa jumla kutoka mkoa mwingine. Watu hao wamemwona akifanya kazi, jambo ambalo ndugu zake wengi hawakuliona. Ndugu wanajua tu kwamba hana kazi.

Lakini mtu wa aina hiyo hatabeba maelezo marefu. Dalali hazunguki sokoni na gunia begani. Hubeba sampuli kwenye mfuko mdogo. Hivyo simulizi lazima iwe na umbo fupi linaloweza kusemwa na mdomo mwingine bila kuharibika: "Kuna mtu wa maharage Tandale, alipoteza magunia saba kwa mali kauli, akafungua daftari, msimu wa pili likapotea moja." Dereva wa lori anaweza kuisema hiyo akiwa mizani anasubiri zamu. "Kuna mtu mchapakazi sana anatafuta kazi" hawezi kuisema kwa yeyote, maana hata yeye mwenyewe anamjua mtu kama huyo, na ni mpwa wake.

KAMA WARAKA WA MATARAJIO

Wawekezaji wadogo wana mfano wao wenyewe. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kuuza hisa Aprili 1998, wamezoea kusoma waraka wa matarajio kabla ya kununua hisa mpya. Waraka hautaji faida peke yake. Una sehemu ya vihatarishi, na mwekezaji makini huanza kusoma hapo. Waraka usiokuwa na sehemu hiyo ungewakimbiza wanunuzi.

Mwombaji kazi naye ana vihatarishi vyake, na swali ni kipi kitajwe. Deni ambalo bado liko hai litajwe ikiwa kazi inahusu kushika fedha, maana likigunduliwa baadaye mwezi wa tatu halitaitwa deni tena, litaitwa udanganyifu. Kesi iliyoko mahakamani hali kadhalika. Ugonjwa wa mke, ugomvi wa mirathi na usaliti wa mshirika wa zamani vinaweza kubaki nyumbani. Mshirika huyo hata kama alikimbia na mtaji, anayemsema vibaya mbele ya mwajiri mpya anampa mwajiri huyo picha ya namna yeye mwenyewe atakavyosemwa.

Zipo pia sehemu ambazo simulizi haifai kitu. Maombi ya kazi za serikali nchini Tanzania hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na asiye na sifa zilizotangazwa hafiki hata kwenye chumba cha usaili. Huko cheti ndicho ufunguo. Kwenye mashirika makubwa usaili nao mara nyingi una mpango maalumu, yaani maswali yale yale kwa kila mwombaji na alama kwa kila jibu. Waajiri wana sababu ya kufanya hivyo. Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 na kuyachapisha mwaka 1998, walionyesha kwamba usaili wa mpango hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kupiga soga. Mbele ya meza ya namna hiyo, anayelazimisha kusimulia maharage wakati ameulizwa kuhusu ugomvi na mteja hupoteza alama. Inambidi awe na visa vitatu au vinne mkononi, kila kimoja na hesabu yake, atoe kinachoulizwa na kunyamaza.

UPANDE WA PILI WA MEZA

Msomaji wa ukurasa huu mara nyingi ndiye mwenye duka anayetafuta mtu wa kumwachia funguo. Kwake bambo ni lile lile. Asiulize "je, wewe ni mwaminifu?" kwani jibu la swali hilo analijua kabla ya kuuliza. Aulize siku ambayo fedha hazikutimia. Zilipungua kiasi gani? Nani mwingine alikuwepo? Kesho yake ulifanya nini? Swali hilo la kesho yake ni zuri kuliko yote. Anayetunga huwa ametunga siku ya tukio tu, hakufika kesho yake.

Ajihadhari pia na ulimi. Kuna watu waliojaliwa kusimulia na kuna watu wasiojaliwa, na kuhesabu mali hakuhitaji kipaji hicho. Binti mnyamavu anayejibu kwa maneno manne, lakini maneno yenyewe ni idadi kamili ya katoni zilizobaki ghalani alikotoka, ameeleza habari zake kikamilifu. Ikiwezekana, mwenye duka ampe mwombaji nusu siku ya kazi halisi, kuhesabu mali au kupanga rafu, na amlipe kwa nusu siku hiyo.

Anayejitolea kupimwa kabla hajaombwa huwa mbele ya wenzake. Jambo hilo si geni. Inakadiriwa kuwa ni mwaka 1482 au karibu na hapo ambapo Leonardo da Vinci, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, alipeleka maombi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Ulimwengu unamkumbuka kwa uchoraji, lakini katika barua ile uchoraji uliwekwa mwishoni. Mbele aliweka madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, kwa kuwa aliyeandikiwa alikuwa mtu wa vita. Na alimalizia kwa kusema kwamba lolote likionekana haliwezekani, yuko tayari kulifanyia majaribio kwenye bustani ya mtawala au popote atakapopenda.

SWALI LA MWISHO

Kwa mfanyabiashara kuna bambo moja ambalo kijana wa chuo hachomwi, nalo huja mwishoni wakati mwombaji amekwisha kulegeza mabega. Mwajiri anamwogopa mtu wa biashara. Anaogopa kwamba mshahara utakuwa njia ya kukusanya mtaji tu, na siku mtaji ukitimia kiti kitakuwa kitupu. Anaogopa zaidi kwamba meza mpya itafunguliwa kando, kwa kutumia wateja wa kampuni. Wengi hulijibu swali hilo kwa kuapa kwamba biashara wameiacha kabisa. Hakuna anayewaamini, na jibu hilo moja huchafua yote yaliyotangulia.

"Bwana," anasema mama yule, "mtaji ukipatikana si utarudi Tandale?"

"Siwezi kukuahidi, mama, kwamba sitauza maharage tena maishani. Ninachoweza kuahidi ni kwamba sitayauza nikiwa na mikopo yenu mkononi, wala sitampa gunia mteja wenu hata mmoja. Nikitaka kuondoka nitawaambia miezi mitatu kabla, nikabidhi kila mkopaji kwa atakayekuja, mbele ya mkopaji mwenyewe."

Mama anaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha anauliza ni lini lile daftari linaweza kuonekana. Liko ndani ya bahasha ya kaki, chini ya kiti alichokalia.